Kitufe cha Kushoto

"Samahani, kitufe cha kushoto kimeandikwa nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Liliulizwa ukumbini, mchana kweupe, kwa Kiswahili kisicho na madoido, kwa sauti iliyofika mpaka safu ya mbele. Halikujibiwa. Lilisimama pale kidogo kama mgeni asiyepewa kiti, kisha likaenda zake. Naanza nalo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo, na kwa sababu waliolisikia bado wapo, wana afya njema, na baadhi yao wamekwisha kupandishwa vyeo.

Tegeni masikio basi. Hapo zamani, na msininunie, mwaka juzi nao ni zamani kwa mtu aliyeumia, palikuwa na chuo cha ualimu kilichojengwa juu ya mlima wa baridi, kule ambako mashamba ya chai yanaanzia uani na wanachuo hawavui sweta mpaka saa sita. Katika chuo hicho alisoma dada mmoja, jina lake Atuganile. Atuganile alikuwa na mtoto anayenyonya, Tumpe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Walipanga chumba nyuma ya chuo. Asubuhi mtoto alibaki na mwenye nyumba, Mama Sekela. Saa nne Atuganile alishuka mbio kumnyonyesha, akapanda mbio kurudi. Ndiyo maana kila mkutano alikaa nyuma. Anayechelewa hukaa nyuma. Hilo si kosa, lakini ngojeni, litatajwa kama kosa.

Kila mwaka wanachuo walikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Zamani majina ya shule yalibandikwa ubaoni, na kila yalipobandikwa watu walilalamika kwamba fulani kapelekwa karibu kwa sababu ya shangazi yake. Basi ukaletwa mfumo wa kompyuta. Mkuu wa chuo, Madam Mbilinyi, akatangaza kwa fahari: "Mfumo hauna shangazi." Watu wakapiga makofi. Ni kweli, mfumo haukuwa na shangazi. Haukuwa na mtu yeyote.

Shule zilikuwa nyingi, lakini kwa Atuganile zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni Bwawani, iliyo karibu kiasi kwamba ukiwa darasani unasikia kengele ya chuo. Ya pili ni Lugombo, kule chini ziwani, safari ya kutwa, ambako walimu wa mazoezi hulala wote katika nyumba moja na watoto hawaruhusiwi. Nafasi ya hisabati Bwawani ilikuwa moja. Akiipata, Tumpe anaendelea kunyonya. Akiikosa, ama amwachishe mtoto kabla ya wakati wake, ama aahirishe mwaka mzima wa masomo. Shikeni hapo. Katika hadithi hii kila mtu atazungumza kuhusu picha, kwa ufasaha mkubwa, mpaka mtasahau kwamba kuna mtoto. Mimi nitawakumbusha.

Mfumo ulikwenda hivi. Unachagua shule, ikiwa ina nafasi, unashikiliwa nafasi hiyo kwa muda mfupi, kisha vinatokea vitufe viwili. Kwenye kompyuta vitufe hivyo vilikuwa na maneno: cha kushoto "Achia nafasi", cha kulia "Thibitisha nafasi". Kwenye simu, maneno hayakutosha, kwa hiyo waliotengeneza mfumo waliyaondoa wakaweka alama. Kushoto kisanduku chenye mshale. Kulia kisanduku chenye mshale. Mmoja unaingia, mwingine unatoka, na yote miwili inafanana kama pacha waliovalishwa na mama mmoja. Wanachuo karibu wote walikuwa na simu. Chumba cha kompyuta kilikuwapo, chenye kompyuta nyingi na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa semina mkoani, mfukoni mwa mwenye nao.

Kwa hiyo ulihitajika mwongozo. Na mwongozo ulihitaji picha ya skrini ya kompyuta, ili aliye na simu aone kila kitufe kimeandikwa nini. Kazi ndogo. Picha moja, vitufe viwili.

Picha ilizaliwa mkononi mwa Mkufunzi Kihwelo, mratibu wa mfumo. Huyu alikuwa na kompyuta nzuri yenye skrini pana, na aliipiga picha vizuri, sitamsingizia. Aliipiga skrini nzima: saa, tarehe, hali ya hewa, mafaili yake yote, na katikati ya mafaili, wanawe wawili wakibembea kwenye bembea, maana hiyo ndiyo picha aliyoiweka nyuma ya kila kitu. Ukiikuza ungeweza kuhesabu meno ya yule mdogo. Vitufe vilikuwa kona ya chini, vidogo kama punje za mtama. "Kali kama wembe," alisema Mkufunzi Kihwelo, na ilikuwa kali kama wembe. Mkononi mwake ilisomeka.

Picha ikaenda kwa Dada Fidea, katibu muhtasi. Dada Fidea alikuwa na amri kutoka juu: mwongozo usizidi ukurasa mmoja. Akaibandika picha katikati ya maelezo, akaibana mpaka maelezo yakaenea, akaihifadhi ikiwa imebanwa hivyo hivyo ili faili lisiwe zito. Madam Mbilinyi akachungulia akasema, "Mbona picha ndogo?" Dada Fidea akaishika pembeni akaivuta. Sasa, picha iliyokwisha kusinyaa haikumbuki ilivyokuwa. Ukiivuta inavimba, hairudishi afya. Na kwa kuwa aliivuta upande mmoja tu, watoto wa Mkufunzi wakanenepa ghafla kwenye bembea. Herufi nazo zikanenepa zikaanza kuegemeana. Lakini Dada Fidea alikuwa ametazama vitufe vile wiki nzima. Mkononi mwake ilisomeka.

Picha hiyo yenye watoto wanene ndiyo iliyorushwa ukutani kwa projekta siku ya mafunzo. Atuganile aliingia akihema, akaketi nyuma, akakunja macho, akainua mkono.

"Samahani, kitufe cha kushoto kimeandikwa nini?"

"Maswali mwishoni," alisema Mkufunzi Kihwelo.

Safu ya mbele waliokuwa wanasoma vizuri waligeuka, wakamtazama aliyeuliza, wakageuka tena. Mmoja wao alikuwa Rwegasira, kiongozi wa darasa, kijana mpole, mtu wa watu. Mwishoni ilipofika ikagongwa kengele ya chakula, na siku hiyo kulikuwa na nyama. Swali likabaki ukumbini na viti.

Jioni Rwegasira aliletewa faili la mwongozo alisambaze. Faili lilikuwa zito. Rwegasira alikuwa na huruma: wenzake wangapi wana bando la kupakua faili zito? Akalifungua kwenye simu yake, akapiga picha ya skrini ya simu yake, akaituma kwenye grupu la darasa kama picha ya kawaida. Kwa hiyo sasa ilikuwa picha ya picha, na grupu nalo likaikamua maji kidogo kama linavyokamua kila kitu. Tena huruma ilikuwa imemzidi. Kabla ya kutuma, alichovya kidole kwenye rangi nyekundu ya simu akakipaka kitufe sahihi, kile cha kulia, juu ya maneno yenyewe, kwa mkupuo mnene. Chini akaandika: "Wapendwa, bonyezeni palipo na nyekundu. Tusipoteze nafasi." Watu wakamtumia mikono ya kushukuru. Watoto wa bembea walikuwa hawana nyuso tena, lakini rangi nyekundu ilionekana hata kwa aliyesinzia. Mkononi mwake ilisomeka.

Atuganile alikuwa na simu moja. Simu moja ndogo haiwezi kuonyesha mfumo na mwongozo kwa wakati mmoja. Alihitaji mwongozo wa karatasi. Si yeye peke yake. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kwa Hamduni wa steshenari, kwenye kibanda kilichoegemea geti la chuo.

"Kaka Hamduni, nitolee ile ya grupu."

"Mama Tumpe, hiyo nimeshaitoa toka alfajiri. Chukua kopi."

"Mbona imefifia hivi?"

"Hiyo ni kopi ya kopi, dada yangu. Ya kwanza ilitoka nzuri. Wino wa rangi umekwisha, lakini nyeusi ipo tele."

"Na hiki kitufe cha kushoto kimeandikwa nini?"

"Kila kitu kipo kwenye grupu," alisema Hamduni, akimhudumia mwingine.

Kwenye karatasi ile, wale watoto wawili walikuwa mbuzi wawili gizani. Na nyekundu ya Rwegasira, ile nyekundu ya huruma, mashine isiyo na wino wa rangi ilifanya nayo jambo pekee inaloweza: iliigeuza nyeusi. Kitufe cha kulia kilikuwa kiraka cheusi tii. Cha kushoto kilikuwa na ukungu, na mwisho wa ukungu neno moja lililonusurika: "nafasi".

Siku ya kuchagua shule ilipofika, Atuganile aliketi kizingitini mwa chumba chake, Tumpe mapajani, karatasi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mfumo ukafunguka. Akachagua Bwawani. Akapata! Mfumo ukamshikilia nafasi. Mama Sekela aliyekuwa anachambua mboga alisikia akisema "Asante Mungu" akadhani mtoto kacheua.

Vikatokea visanduku viwili vyenye mishale. Tumpe akaikamata simu apate kuitafuna. Atuganile akaitoa mdomoni mwake, akaifuta kwa khanga, akaitazama karatasi. Palipo na nyekundu. Nyekundu iko wapi? Hakuna nyekundu. Kuna cheusi. Kwa akili yako wewe msikilizaji, kitu kilichofunikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya maelekezo, umeambiwa ukifuate au umeambiwa ukiache? Yeye alifikiri: kilichopakwa cheusi kimefutwa. Kilicho hai ni hiki chenye neno, na neno lenyewe ni "nafasi", na mimi nataka nafasi.

Akabonyeza kushoto.

"Ahsante," mfumo ukajibu, kwa adabu. "Nafasi imeachiwa."

Wakati huohuo, bwenini, Rwegasira alikuwa amejilaza akiitazama Bwawani iliyokuwa imeandikwa "Imejaa". Ghafla ikaandikwa "Ipo". Hakujua ni ya nani. Mtu yeyote angebonyeza. Akabonyeza. Alibonyeza cha kulia, bila shaka. Yeye alijua kimeandikwa nini.

Jumatano yake wote walioishika picha ile walikusanyika ofisini kwa Madam Mbilinyi. Atuganile alisimama na Tumpe mgongoni, kwa sababu Mama Sekela alikuwa kliniki. Hapa ndipo mnitegee masikio yote mawili.

"Tumebahatika," alisema Madam. "Mfumo unaruhusu kuongeza nafasi moja Bwawani, endapo chuo kitatuma taarifa ya hitilafu kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Taarifa nimeijaza. Imebaki sehemu moja tu: mhusika wa kosa."

"Si tuandike wote?" aliuliza Dada Fidea.

"Inapokea jina moja."

"Na tusipoandika?"

Madam akageuza kompyuta waone. Kwenye ile sehemu ya mhusika, kwa rangi ya kijivu, palikuwa tayari pameandikwa neno lililowekwa na mfumo wenyewe, likisubiri mtu alibadilishe. Lilisomeka vizuri sana. Lilikuwa kubwa, safi, halina ukungu hata chembe. *Mtumiaji.*

"Likibaki hilo," alisema Madam, "taarifa inakataliwa. Mtumiaji hawezi kuongezewa nafasi kwa kosa lake mwenyewe."

Mtumiaji alikuwa amesimama pale anamtikisa mtoto asilie.

Na ukitajwa kuwa mhusika, si bure. Mkufunzi angevuliwa uratibu, alioupigania kuliko hata shahada yake. Dada Fidea alikuwa kwenye mkataba wa matazamio, na mkataba ulikuwa mezani unangoja sahihi. Rwegasira angenyang'anywa shule aliyochagua akashukia Lugombo. Hamduni angeambiwa akahamishe kibanda getini. Kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, na kila mmoja aliuficha mkono mgongoni.

Madam akavaa miwani. "Nataka nisikie. Mkufunzi, picha yako ilisomeka?"

Mkufunzi Kihwelo akafungua kompyuta yake, akaikuza kona, akaikuza tena. "Achia nafasi. Thibitisha nafasi. Mkononi mwangu ilisomeka, Madam. Tatizo watu hawana elimu ya picha. Picha haivutwi kwa pembeni kama shuka, Dada Fidea! Inawekwa kwa ukubwa wake. Kama haitoshei, unapunguza maneno."

"Ningepunguza maneno yako, Mkufunzi? Maneno uliyoandika 'muhimu' mbele ya kila mstari?" Dada Fidea akasogeza pua mpaka ikakaribia kioo. "Achia nafasi. Thibitisha nafasi. Mkononi mwangu ilisomeka. Na nisamehe, shikamoo zako zote, lakini nani alikuambia utuletee skrini nzima na wanao na bembea yao? Unakata palipo na vitufe tu, pakawa pakubwa, basi. Mimi nimebana nini? Nimebana saa na hali ya hewa. Tena nilibana kwa amri. Ukurasa mmoja, Madam."

"Tusiingize mambo mengine," alisema Madam. "Kiongozi wa darasa?"

Rwegasira akasoma kwenye simu. "Achia nafasi. Na hapa penye nyekundu ni Thibitisha, inaonekana herufi ya kwanza. Mkononi mwangu ilisomeka. Madam, mimi niliwahurumia wenzangu. Mwenye bando la shida angepakua lile faili? Wangekosa kabisa."

"Ungelituma hivyohivyo kama faili," alisema Mkufunzi, "halafu wenye shida ungewapa kwa flashi. Ukituma kama picha, inakamuliwa. Hilo nimefundisha."

"Ulifundisha ukumbini, Mkufunzi, mwishoni, kengele ilipokuwa inagonga. Halafu Hamduni naye: mtu anakuja kuchapisha mwongozo wa darasa zima, hata huulizi faili lenyewe liko wapi? Unachapisha kitu ulichokiona kwenye grupu?"

"Kiongozi, usinipandie kichwani," alisema Hamduni, ambaye mpaka hapo alikuwa anaangalia dari. "Wewe ndiye uliyepaka rangi juu ya maandishi. Kitu unachotaka kisomwe hukifuniki. Unakizungushia mstari, au unakiwekea namba pembeni. Namba haina rangi. Namba hata wino ukiwa wa masizi ni namba."

"Hamduni," alisema Madam, akimpa karatasi, "soma."

Hamduni akaishika karatasi mbali kidogo, akakohoa. "Kushoto, Achia nafasi. Kulia, Thibitisha nafasi."

Atuganile aliitazama ile karatasi ambayo alikuwa ameitazama mpaka macho yakatoa machozi.

"Umesoma wapi hapo, kaka Hamduni? Nionyeshe kwa kidole."

Hamduni akaitazama tena. "Ah, nimewasikia hawa wakisoma."

Hata Tumpe alicheka, lakini yeye alikuwa amekamata nywele za mama yake. Na mkitazama vizuri, wasikilizaji, hapo mezani elimu yote ilikuwa imekamilika. Kata palipo na jambo. Usiivute. Tuma kama faili. Weka namba, usifunike. Chapisha kutoka kwa asili yake. Kila mmoja aliijua vizuri sana kazi ya mwenzake. Kama wangekuwa wamepanga foleni kwa kinyume, picha ile ingetoka inang'aa.

Atuganile ndipo akasema. Hakupaza sauti, maana mtoto alikuwa anaanza kusinzia.

"Mnaisoma kwa sababu mnajua imeandikwa nini. Wote wanne. Mngepewa karatasi nyeupe mngeisoma. Mwongozo ni wa asiyejua, na asiyejua nilikuwa mimi, na niliuliza. Rwegasira, ulinisikia?"

"Nilikusikia, dada. Nilidhani Mkufunzi atajibu."

"Mkufunzi?"

"Nilidhani kiongozi atakwambia. Si yuko mbele?"

"Mimi sikuwapo ukumbini," aliwahi Dada Fidea.

"Kwangu uliuliza," alikiri Hamduni, "nikakujibu." Akafikiri. "Nilikujibu kitu kingine."

Mkufunzi Kihwelo akaona mwanya. "Lakini tuseme ukweli, Madam. Naye angeuliza tena. Angewahi akakaa mbele. Angeazima simu ya pili. Mtu makini angehakikisha kabla ya kubonyeza. Sisemi kwa ubaya."

"Sisemi kwa ubaya", jamani. Hiyo sentensi sijapata kuisikia ikifuatiwa na wema.

"Nilikuwa nanyonyesha," alisema Atuganile.

"Hakuna aliyekukataza," alisema Mkufunzi.

Madam akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi tufanye hivi. Sehemu ya mhusika naiacha wazi. Kompyuta yangu haina kufuli. Kila mmoja, kwa wakati wake, kwa dhamiri yake, aingie aandike jina analoona linastahili. Mpaka Ijumaa." Akainuka, akaonekana amepumua. Mnaona alivyofanya? Naye akalipokeza kwa mwingine.

Alhamisi Mkufunzi aliingia, akakaa mbele ya kompyuta, akatoka. Dada Fidea aliingia, akapangusa vumbi mezani, akatoka. Rwegasira aliingia akaandika herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe. Nasema kweli, aliiandika. Akaitazama. Lugombo ni mbali, na yeye hakumdhulumu mtu, alibonyeza tu. Akaifuta, akatoka. Hamduni alifika mlangoni akasema viatu vyake vina matope.

Msidhani lakini kwamba hawakufanya lolote. Walifanya kazi usiku na mchana, kwa ushirikiano usio na mfano, wakatoa mwongozo mpya wa chuo: *Jinsi ya Kupata Picha za Skrini Zinazosomeka.* Mkufunzi alitoa utaalamu na picha za mfano. Dada Fidea aliupanga ukatosha ukurasa mmoja. Rwegasira aliusambaza kwenye grupu, na kwa kuwa faili lilikuwa zito, aliupiga picha. Hamduni alitoa kopi, bure kabisa, kwa moyo safi. Ulibandikwa kila mlango wa chuo. Atuganile aliukuta kwenye mlango wa ofisi ya Madam, Ijumaa, jua likishuka nyuma ya mashamba ya chai. Aliusogelea. Akaweza kusoma neno moja: "muhimu".

Ndani, Dada Fidea alikuwa anafunga madirisha. Madam alikuwa ameshika mkoba. Kompyuta ilikuwa bado imewashwa, na kwenye ile sehemu ya mhusika mstari mdogo ulikuwa unapepesa, unapepesa, kando ya lile neno la kijivu.

"Hakuna aliyeandika," alisema Madam. "Na mimi siwezi kumwonea mtu. Kama una jina, mama, lete. Nabonyeza sasa hivi."

Tumpe akajinyonganyonga mgongoni. Ilikuwa saa yake ya kunyonya.

Atuganile alikuwa na majina yote na hakuwa na hata moja. Akimtaja aliyepiga picha, picha ilikuwa kali. Akimtaja aliyeivuta, aliamriwa. Akimtaja aliyepaka rangi, alihurumia. Lakini ndiye aliyeichukua Bwawani, na ndiye aliyekaa mbele akasikia. Akimtaja wa wino mweusi, huyo alitoa alicholetewa. Na aliyetoa amri ya ukurasa mmoja ndiye mwenye kidole juu ya kitufe. Akinyamaza, jina lipo tayari, limeandikwa na mfumo usio na shangazi, nalo ni lake.

Ofisi inafungwa. Mstari unapepesa. Je, wasikilizaji, jina la nani liandikwe?

Nyinyi mlio mbele mnaosoma vizuri, naomba mjibu. Na mjibu kwa sauti, tafadhali. Atuganile amekaa nyuma.